Namba Isiyo na Mwenyewe

Wananchi wote wa Manispaa ya Sumbawanga na vitongoji vyake, pamoja na wa bondeni, wa ziwani, na wale waliokuja kwa uhamisho wa kikazi wakalia machozi siku ya kwanza kwa sababu ya baridi, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Chuo Kikuu cha Kona ya Stendi kimefungua tena milango yake. Mlango, kwa usahihi, maana ni mmoja na haufungi vizuri. Chuo hiki hakina ukumbi, hakina wimbo wala joho. Kina kompyuta mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kutishia wateja. Kina printa yenye kikohozi cha mzee mvuta kiko. Kina benchi la watu wanane linalokaliwa na kumi na mmoja. Na kina kiongozi mmoja ambaye ni mhadhiri, msajili, mlinzi na mfagizi kwa wakati mmoja: Makamu Mkuu wa Chuo, Mheshimiwa Coleta, mzaliwa wa Kipili, ambaye hajawahi kukanyaga chuo kikuu chochote, hata kwa kupotea njia.

Cheo alipewa na jirani yake Mbonile, mtu wa Mbeya anayeuza kava na chaja za simu kibanda cha pili. Mbonile ni mtu ambaye Mungu alimpunja kwenye mambo mengi, lakini alipofika kwenye sauti akamwaga debe zima. Kila asubuhi Coleta akishika kufuli la steshenari yake, Mbonile husimama wima na kupiga saluti.

"Makamu Mkuu wa Chuo ameingia! Wasio na vyeti wasimame!"

Makondakta husimama. Na mbwa mmoja.

Coleta, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mfupi, ndani ya koti la kijani la mtumba lenye nembo ya timu ya nchi asiyoijua, hujibu bila kugeuka: "Mbonile, kanywe chai."

Hana maneno mengi, na hayo machache aliyonayo ameyapanga vizuri. Ukimwuliza kwa nini matokeo hayafunguki, atakwambia, "Mtandao." Ukimwuliza kwa nini printa imelala: "Mtandao." Shangazi mmoja wa parokiani alipomwuliza kwa nini hajaolewa hadi leo, Coleta alimtazama kwa adabu, akafikiri kidogo, akasema, "Mtandao, shangazi." Shangazi akaenda zake akiwalaani watu wa minara.

Watu wa mikoa mingine wakisikia jina la Sumbawanga hushika hirizi. Waache. Aliyekaa huko mwezi wa Julai anajua kwamba cha kuogopa ni upepo tu, ule unaoteremka kutoka milima ya Mbizi ukiingia kwenye mifupa bila kubisha hodi. Upepo huo unapenda karatasi kuliko mwalimu wa zamu. Ndiyo maana kwenye kaunta ya Coleta, juu ya fomu na nakala za vyeti, kuna donge jeusi, zito, lenye matundu kama mkate uliosahaulika jikoni. Wateja hudhani ni jiwe. Si jiwe, ni mavi ya chuma, yale masalia yaliyobaki chini ya matanuru ya udongo ambamo wahunzi wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma chao, zamani, kabla wajukuu wao hawajaanza kuagiza majembe kutoka nje.

"Angalieni taifa hili," Mbonile huwaambia wateja wapya. "Elimu ya juu yote imekaliwa na mavi."

Sasa, udahili wa Sumbawanga una desturi yake. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wenye matokeo hawapo. Wako kwenye kambi za jeshi, wamenyolewa vipara, wanakimbia mchakamchaka alfajiri kwa mujibu wa sheria, na simu zao zimebaki nyumbani chini ya godoro. Kwa hiyo wanaokuja kuomba chuo ni baba, mama, bibi na babu, wakiwa na namba ya mtihani iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kiganja. Na wanakuja na maoni. Kuna mama aliyetaka mwanawe apelekwe chuo kilicho karibu na padri mmoja anayemfahamu. Kuna baba aliyechagua kozi kwa urefu wa jina lake, akisema fupi zote ni za wavivu. Mwingine aliikataa katakata Sayansi ya Mazingira kwa sababu, alisema, mwanawe huyo hajawahi kufagia hata uwanja wa nyumbani.

Coleta huwasikiliza wote hadi mwisho. Kisha hufungua droo na kutoa kikaratasi. Maana kila mtoto, kabla ya kupanda gari la kwenda kambini, alipita kwake akamwandikia anachokitaka kweli. Baba anasema udaktari, kikaratasi kinasema utabiri wa hali ya hewa. Mama anasema ualimu, kikaratasi kinasema "chochote kilicho mbali na nyumbani". Na hapo Makamu Mkuu hutoa hukumu yake iliyowaponya wengi.

"Nafasi za kuchagua ziko tatu. Ya kwanza ni ya mtoto, ya pili ni ya mzazi, ya tatu ni ya Mungu."

Hakuna mzazi wa Ufipa aliyewahi kubishana na ya tatu.

Na pale fomu inapouliza namba ya simu, Coleta huandika yake. Ndivyo anavyofanya kwa kila mtoto asiye na simu mkononi, miaka yote. Majibu yote ya vyuo, namba zote za kuthibitisha, hongera na pole zote za tambarare, za bonde la Rukwa na za mwambao wa ziwa huingia kwenye simu moja iliyopasuka kioo, iliyo katika mfuko wa ndani wa koti la kijani. Mwezi wa Septemba mfuko huo hutetemeka kama una kifaranga. Haizimi simu hiyo. Kanisani huiweka mapajani na kuitazama kwa jicho moja, na jicho la pili humwachia padri.

Ukitaka kujua kwa nini, rudi mwaka 2008. Maombi ya chuo siku hizo yalikwenda kwa posta. Coleta alikuwa amemaliza kidato cha sita huku juu, tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiingereza, akarudi kwao Kipili kuanika dagaa na kungoja. Barua ilikuja. Alichaguliwa. Ilifikia sanduku la parokia, ikachukuliwa na katekista Fabiani, mtu mwema asiyejua haraka ni mnyama gani. Fabiani akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo ili isikunjike, akavuka ziwa kwenda kwenye harusi ya binamu yake upande wa Kongo. Inasemekana harusi ilikuwa nzuri sana. Alirudi baada ya wiki saba. Barua haikuwa imekunjika hata kidogo.

Chuo kilisema nafasi amepewa mwingine, aombe tena mwakani. Mwakani mama yake, Silvana, akavunjika mguu kwenye mawe ya bandarini. Mwakani nyingine Coleta akapanda Sumbawanga kutafuta kazi ya muda, akaipata kwenye steshenari, mwenye steshenari akahama, akamwachia. Neno "mwakani" likiwa bichi ni tamu. Likishabanikwa miaka kumi na sita huwa kama samaki mgebuka wa mwisho juu ya uchanja, jeusi, gumu, na huna moyo wa kulitupa.

Kitu alichotaka kusoma ndicho kilichowachekesha watu. Akiolojia. Mbonile alipoelezwa ni nini, alikaa chini kwanza.

"Yaani unakwenda chuo kikuu, unapewa kitanda, unakula, miaka mitatu, unafukua vigae?"

"Na mifupa."

"Mifupa ya nani?"

"Ya wenyewe."

"Makamu, kwenu Kipili hakuna makaburi mpaka uyafuate chuoni?"

Hakumjibu, kwa sababu jibu lake lilikuwa refu, naye hana maneno marefu. Siku moja akiwa kidato cha tano walitumwa kuni, mvua ikawakuta uwandani pasipo na mti wa kujikinga. Mbele yao kulikuwa na tanuru la zamani, lile ambalo wazee huliita ilungu, limesimama peke yake katikati ya majani kama chungu kilichosahauliwa na jitu. Wenzake walikimbilia shuleni. Coleta aliingia kwa tumbo kupitia tundu la chini. Ndani palikuwa pakavu. Juu palikuwa na duara la anga lenye mvua, na kwenye ukuta wa udongo, karibu na shavu lake, palikuwa na alama za vidole vinne vya mtu aliyeukandika ukuta ule kabla babu yake hajazaliwa. Aliweka vidole vyake pale, vikaenea. Aliondoka na donge moja jeusi mfukoni, na tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu duniani, kumjua mwenye vidole.

Basi kila Jumamosi ya Julai Makamu Mkuu hutoa mhadhara. Hugeuza kompyuta ielekee benchi na kuwaonyesha wazazi jinsi maombi yanavyojazwa, ili wasije wakatapeliwa na vijana wa huko mjini kati. Na kwa kuwa huwezi kujaza fomu kwa mifano ya hewani, hutumia matokeo anayoyajua kwa moyo kuliko Baba Yetu.

"Tuseme kuna binti anaitwa Coleta," huanza. "Amesoma masomo haya. Anataka Akiolojia."

Hujaza kila kitu, jina, namba ya mtihani, hadi picha. Huwaonyesha kitufe cha kijani cha kutuma. Kisha hufuta. Amemjaza na kumfuta binti huyo kila Jumamosi ya Julai, mwaka baada ya mwaka, na ukikaa karibu utaona kwamba kabla ya kufuta huwa anakawia kidogo, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgeni ambaye hakuja.

Mwaka huu, Jumamosi ya pili, mbele kabisa alikaa Mzee Adolfu, mkulima kutoka Milepa, aliyepanda kutoka bondeni juu ya magunia ya mpunga kumwombea chuo mjukuu wake Loth. Alikuwa amevaa makoti mawili na bado anatetemeka, kwa kuwa watu wa bondeni huona baridi ya Sumbawanga kama adhabu ya dhambi ambazo hawajatenda. Alifuatilia mhadhara mdomo wazi. Mambo yalipofika mwisho, akanyoosha mkono.

"Mama Makamu, na hiki cha kijani, ukikigusa?"

"Ndicho cha kutuma, baba."

"Hivi?"

Akabonyeza kipanya, mshale ukiwa juu yake. Kioo kikafikiri. Kikaandika kwamba maombi yamepokelewa.

Benchi zima likapiga makofi. Coleta peke yake hakupiga. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Nimeharibu?" Mzee Adolfu akauliza.

"Hujaharibu, baba. Ni mfano tu."

"Uso wako hausemi hivyo."

"Ni mtandao. Haya, wa kwanza nani?"

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, na kwa wiki nane hakuna aliyeyakumbuka, au tuseme mmoja alijitahidi sana kutoyakumbuka.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba mfuko ukaanza kutetemeka. Chuo kile cha fomu ya mfano kilikuwa kimeombwa na watoto tisa. Ujumbe uliingia mara kumi. Haukuwa na jina, ulikuwa na hongera, namba ya kuthibitisha, na onyo: mwisho Ijumaa saa kumi jioni, asiyethibitisha amepoteza nafasi. Kazi ya Coleta ilikuwa kufungua akaunti ya kila mtoto na kujaribu namba hadi ikubali. Tisa zikakubali. Loth wa Milepa akapata yake, tena ile ya hali ya hewa, nafasi ya mtoto. Namba ya kumi ikabaki mkononi haina mwenyewe.

Mtu mwingine angejua saa hiyo hiyo. Coleta alichukua daftari lake la majina akalipitia mara tatu. Akapiga simu Kasanga kwa mfanyabiashara wa samaki ambaye binti yake Suma alikwisha kupata tangu asubuhi. "Labda ameomba mara mbili?" Hakuomba mara mbili. Akapiga Namanyere. Akapiga kwa mtawa mmoja ambaye alikwisha kuhitimu mwaka juzi. Mbonile alipoona hali imekuwa mbaya alipanda juu ya kreti la soda.

"Tangazo! Kuna namba ya chuo kikuu imeokotwa! Mwenyewe afike na kitambulisho!"

Kondakta mmoja akaja mbio. "Ya kwangu hiyo."

"Uliomba nini?"

"Ubunge."

Happyness alikuwa anawatazama. Huyu ni binti anayekaanga vitumbua mbele ya steshenari, na ana Shahada ya Uongozi wa Biashara, daraja la pili la juu. Fomu yake ya chuo aliijaza Coleta mwenyewe miaka sita iliyopita. Alikwenda, akahitimu, akapiga picha na joho, akarudi, na sasa anaongoza biashara ya karai moja kwa ufanisi mkubwa.

"Dada Coleta," akasema, akigeuza vitumbua, "ya mfano umeijaribu?"

"Mtandao uko chini."

"Uko juu. Natazama video hapa."

Coleta akaingia ndani akapanga karatasi zilizokuwa zimepangwa.

Aliijaribu Jumatano, steshenari ikiwa tupu. Kioo kikafunguka bila kusita, kikamwita kwa jina lake lote kama mtu aliyekuwa akimngoja nje muda mrefu: hongera, Shahada ya Akiolojia. Chini yake palikuwa na kitufe cha kijani. Akakitazama. Akazima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani, jambo ambalo huwafukuzia wateja.

Akatoka nje, akasimama karibu na karai. Katika miaka yote aliyopeleka watoto wa watu, hajawahi kuuliza swali hili.

"Happyness. Chuo kikoje?"

Happyness alianza kucheka, akaona uso, akaacha. "Foleni, dada. Kama hapa kwako, ila ndefu. Foleni ya chakula, ya mkopo, ya kuoga." Akakichoma kitumbua, akakitazama. "Ila kuna maktaba. Unaingia, unakaa na kitabu kutwa, na hakuna mtu anayekuuliza unafanya nini hapo."

"Kutwa?"

"Kutwa."

Coleta akameza mate, na haikuwa kwa ajili ya vitumbua.

Alimpigia mama yake Kipili. Nyuma ya sauti ya Silvana zilisikika mashine za boti na kuku.

"Shikamoo mama. Nimechaguliwa chuo."

"Wewe? Si ulishasoma?"

"Nilijaza fomu, mama. Sikusoma."

"Miaka yote hiyo Sumbawanga ulikuwa unajaza fomu?"

"Za watu."

Boti ikapita. "Wenzako huko watakuwa na umri gani?"

"Wa kuwa wanangu."

"Afadhali. Watakuamkia." Akakohoa. "Mguu wangu ulipona mwaka 2010, Coleta. Nilidhani unajua."

Kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, na kweli ya namna hiyo haina pa kuwekwa, Alhamisi alifunga mapema, akapanda bodaboda kwenda kwenye tanuru. Hajafika pale miaka mingi. Limeinama kidogo upande wa magharibi, lakini limesimama. Akamwambia kijana wa bodaboda ageuze uso, akalala chini na koti lake la kijani, akajaribu kuingia kwa tumbo kama zamani. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia kwa kubembelezwa. Makalio yakasema, Makamu, hapa ndipo mwisho wa itifaki.

Basi akalala vile vile, nusu ndani ya karne nyingine, nusu kwenye majani ya Ufipa. Ndani palinuka udongo mkavu na kitu kama moshi, ingawa moto wa mwisho ulizimika kabla ya watu wote anaowajua. Duara la anga lilikuwa palepale. Akanyoosha mkono akapapasa ukuta hadi akaviona vidole vinne, akaweka vyake. Bado vilienea, hilo ndilo lililomuumiza. Alikuwa amejiandaa kukuta kitu kimebadilika, ukuta umeanguka, alama zimefutika, ili apate sababu. Hamu ile ilikuwa imekaa humu miaka kumi na minane, kavu, bila ukungu, inamngoja kama barua ndani ya kitabu cha nyimbo.

"Dada, umekwama?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Ndiyo," akasema Coleta, na hakuwa anazungumzia makalio.

Ijumaa foleni ilikuwa ndefu kwa sababu ya saa kumi. Coleta alithibitisha watoto wa vyuo vingine, akapiga chapa, akakemea waliokuja bila namba ya mtihani. Saa saba. Saa nane. Kwenye kona ya kioo akaunti ya kumi ilikuwa imefunguliwa na kukunjwa, na hakuigusa. Alikwisha kujipangia sababu zake zote kwa mstari: wateja, umri, kodi ya pango, mama. Zilikuwa sababu nzuri, za miaka mingi, zimezoeana.

Saa tisa na nusu akaingia Mzee Adolfu, makoti mawili, na mfuko wa unga wa ulezi begani.

"Shikamoo baba," akasema Coleta. "Loth amepata. Nimeshamthibitishia."

"Marahaba, Mama Makamu. Tumesikia, tumefurahi, japo kusomea mawingu mimi sijaelewa. Mawingu si yanaonekana?" Akaweka mfuko kaunta, karibu na lile donge. Hakuondoka. Akavua kofia. "Nimekuja kwa la yule binti."

"Binti gani?"

"Coleta. Yule wa mfano."

Mbonile, mlangoni, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke Mbeya hakikutoka kitu.

"Siku ile niligusa pasipo ruhusa," mzee akaendelea. "Nikaona ulivyoshtuka. Nikasema moyoni, Adolfu, umemharibia mtoto wa watu. Nikarudi Milepa silali. Nikawaambia jumuiya yetu. Tukasema, kama tumemharibia, basi tumwombee Mungu atengeneze. Kila Alhamisi, wiki nane, nyumba kumi na mbili. Wajukuu wangu wanamtaja kwenye sala ya chakula. Mke wangu anauliza huyo Coleta ana mama? Anakula vizuri? Sikuwa na majibu." Akashika kofia kwa mikono miwili. "Sasa niambie tu. Yule binti amepata?"

Coleta alimtazama. Nyumba kumi na mbili za Milepa, kwenye joto la bondeni, wamepiga magoti kwa ajili ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimfuta kila Jumamosi.

"Amepata, baba."

"Deo gratias, Mungu ashukuriwe! Na anakwenda?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Happyness alikuwa ameacha karai, amesimama nyuma ya mzee na mwiko mkononi.

"Anakawia kuamua," akasema Coleta. "Umri umekwenda. Ana kazi."

"Ana umri gani?"

"Thelathini na sita."

Mzee Adolfu akacheka hadi makoti yote mawili yakatikisika. "Thelathini na sita! Huyo si bado anaota meno! Mwambie hivi: Adolfu wa Milepa amesema, kama hataki, atafute mtu wa kwenda kuziambia zile nyumba kumi na mbili. Mimi siendi. Nitakula wapi?"

Dada mmoja wa nyuma akachekea ndani ya kitenge. Kisha Happyness akasema polepole, "Steshenari nitakaa mimi, dada. Nina shahada ya uongozi."

Coleta akakunjua akaunti. Akaandika namba ile. Hakuhitaji kuitazama kwenye simu, alikuwa anaijua kwa moyo tangu Jumatatu. Kidole kikasimama juu ya kipanya, kikakawia kama kila Jumamosi, na benchi zima la watu kumi na mmoja likashika pumzi bila kujua sawasawa ni kwa ajili ya nani.

Akabonyeza.

Kioo kikafikiri, kikafikiri. Kikaandika kwamba nafasi imethibitishwa. Akachukua lile donge la mavi ya chuma kutoka juu ya karatasi, akalitia mfukoni mwa koti, na upepo ukaziinua fomu zote za Ufipa mara moja, zikaruka hadi kwenye karai la vitumbua.

Hapo ndipo sauti ya Mbonile iliporudi.

"Wananchi!" akaunguruma, tayari yuko juu ya kreti. "Makondakta! Mbwa! Leo Ijumaa, saa kumi kasoro dakika tano, Makamu Mkuu wa Chuo amechaguliwa kuingia chuo!"

Stendi ikalipuka kwa honi. Mzee Adolfu akamtazama Mbonile, akamtazama Coleta, akaitazama ile picha kwenye kioo, yenye koti la kijani, na mwaka wa mtihani chini yake, 2008. Akakaa chini taratibu pembeni mwa benchi, akaishika kofia mapajani.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, baba."

"Mwanangu." Macho yake yalikuwa na maji, na si kwa baridi. "Miaka kumi na sita. Ulikuwa unangoja nini?"

Honi zikanyamaza. Happyness akashusha mwiko. Hata printa iliacha kukohoa, na watu wote wakasogea kidogo, maana jibu la swali kama hilo mtu huenda akalisimulia kwa wajukuu.

Coleta akaokota fomu moja sakafuni, akaipangusa mafuta.

"Mtandao," akasema.